Maji ya Kasola

Nilikuwa nimepanda Sumbawanga kutafuta misumari ya mtumbwi, sina habari na mtu, nikamwona wifi yangu Evodia ametundikwa ukutani kwenye duka la vifaa. Alikuwa kwenye kalenda. Amesimama majini, maji yamemfika kiunoni, mkononi ana kipande cha samaki wa kuchoma na shavu moja limejaa. Juu ya kichwa chake kuna nembo ya mradi wa kuhifadhi ziwa. Chini ya picha wameandika kwa herufi nene: "Wananchi wakiwaonyesha wageni uvuvi wa jadi."

Mwenye duka ni kijana wa siku hizi za biashara huria, duka limejaa ndoo za plastiki na redio za Dubai. Aliponiona nimeganda mbele ya ukuta, akatabasamu.

"Kalenda tunatoa bure, mama. Ukinunua misumari nakupa moja."

"Unamjua huyu?"

"Si mcheza ngoma tu? Watu wa ziwani hao."

Nilipandwa na hasira. Nikanunua misumari, nikachukua kalenda, nikatoka bila kuaga. Sasa nataka niseme huyu mcheza ngoma ni nani na pale majini alikuwa anafanya nini, maana nimechoka kusemewa na watu waliokuja kwetu kwa gari.

Evodia si mtu wa ziwani hata kidogo. Ni binti wa Mpui, wa kule juu kwenye mahindi na ulezi, alikozoea baridi na mashuka mazito. Aliolewa na Cleophas, mdogo wangu wa tumbo moja, akashuka naye kwenye kijiji chetu, karibu na Kipili, akajifunza kuanika dagaa mpaka akatushinda sisi tuliozaliwa hapo. Mwanzo wa mvua mwaka ule, Cleophas alikwenda na karabai yake kuvua dagaa kwenye ghuba ya Kasola. Upepo ukashuka kutoka milimani. Asubuhi tulikuta mtumbwi wake umepinduka kwenye mawe na wavu umejizungusha kwenye mwamba. Yeye hatukumkuta. Tulitafuta mpaka wanaume wakaishiwa nguvu za kupiga kasia. Padri alisoma misa bila jeneza.

Kwetu, mtu akichukuliwa na maji na maji yasimrudishe, yale maji tunayafunga. Hakuna anayevua pale, hakuna anayeoga, mitumbwi ya upande ule inapinduliwa kwenye mchanga. Mjane anavaa nguo nyeusi, halisogelei ziwa hata kuchota maji ya kunywa, na samaki haonji. Ulezi ukishavunwa kule juu, ndugu zake wanauleta, tunapika pombe ya matanga. Siku hiyo dada wa marehemu anaingia majini na wavu wa marehemu mwenyewe. Samaki wa kwanza anachomwa mchangani bila chumvi, mjane anaingia naye majini, anamla amesimama, mifupa anaitemea ziwani, kisha anaiacha ile nguo nyeusi ichukuliwe na maji na anaoga. Hapo mtu amezikwa. Kabla ya hapo, kwa hesabu zetu, Cleophas alikuwa bado yuko nje kwenye upepo, na mke wake yuko naye.

Dada wa marehemu ni mimi. Kwa hiyo kazi ya kumzika Cleophas ilikuwa yangu, na kazi ya kumtoa Evodia kwenye nguo nyeusi ilikuwa yangu pia.

Mradi ulikuwa umeshafika kabla ya msiba. Bwana aliyetumwa kutuelimisha alikuwa Flavian, kijana wa Mpui kwao Evodia, mwenye diploma na pikipiki. Wakubwa wake walitoka pwani, ambako nasikia wamezungushia kipande cha bahari mipaka na kukiita hifadhi, na mawazo yao waliyabeba mazimamazima wakayashusha kwetu. Hata mabango yalikuwa ya bahari. Flavian aliyatundika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji: kobe wakubwa wa baharini, maua ya matumbawe, mnyama mnene kama nguruwe anayekula majani chini ya maji. Mzee Adolfu, mwenyekiti wetu wa kijiji, aliinuka akauliza huyo nguruwe anapatikana upande gani wa ziwa, ili vijana wasimguse. Flavian akasema ni mfano tu. Tulikunywa soda, tukapewa fulana, tukapiga makofi.

Mimi sikatai kwamba ziwa linahitaji kupumzika. Tangu serikali ifungue milango na kila mwenye fedha aruhusiwe kuleta chochote, watu wameleta makokoro yenye matundu madogo kama ya chandarua, wanakomba mpaka vifaranga vya samaki wa kuhe vilivyo chini ya ulinzi wa mama yao. Nilimwambia Flavian hivyo mbele ya mkutano, na akaniitikia kwa furaha. Siku hiyo nilimpenda. Nilidhani amekuja mtu wa kutusaidia kuwafukuza wenye makokoro.

Cleophas alipofariki, Flavian alikuja msibani. Hili nataka lieleweke vizuri. Alikuja na unga na sukari, akavua viatu, akamwinamia Evodia akamwambia, "Pole dada yangu," kwa Kifipa chao cha kule juu. Akala ugali wa msiba pamoja na wanaume. Aliuliza kwa nini mitumbwi yote ya Kasola imepinduliwa, na Mzee Adolfu akamweleza yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyoeleza hapa. Alitoa leso akafuta macho. Nilimwona kwa macho yangu, na sikuona dalili ya uongo.

Mvua ilipopungua akarudi na wageni. Walikuwa watu wa kofia pana na kamera, wenye fedha za mradi. Akawapeleka kwenye mchanga wa Kasola, akawaonyesha mitumbwi iliyopinduliwa na maji matupu yaliyotulia. Kweli samaki walikuwa wamerudi, unawaona kwa macho wakizunguka mawe, maana hakuna aliyewasumbua tangu mwanzo wa mvua. Binti yangu Stefania, aliyemaliza sekondari, alikuwa karibu akanitafsiria alichokuwa anawaambia: kwamba baada ya semina yake wananchi wameelimika, na kwa hiari yao wenyewe wameacha kabisa kuvua Kasola.

"Hajataja msiba?" nikauliza.

"Hajautaja, mama."

Wageni wakafurahi wakapeana mikono. Mmoja alipiga picha mtumbwi wa Cleophas.

Haikupita muda mrefu vikaja vibao vya rangi ya bluu, vikasimikwa mchangani: Hifadhi ya Kasola, Hairuhusiwi Kuvua. Akaja na mlinzi. Mlinzi mwenyewe alikuwa Shija, kijana wa Kisukuma, ambaye wazazi wake waliteremka na ng'ombe zao kutoka Shinyanga kutafuta malisho Rukwa. Walimpa kofia, buti na filimbi. Kuogelea hajui. Mawimbi yakigonga mchanga alikuwa anarudi nyuma, na watoto walimcheka mpaka nikawakemea. Alikuwa kijana wa heshima, akiniona tu anavua kofia.

Ulezi ukavunwa. Ndugu za Evodia wakaushusha kwa lori mpaka Kipili, tukaupokea, tukauotesha, tukausaga, tukapika pombe. Nyumba nzima ilinukia. Asubuhi ya siku yenyewe nilichukua wavu wa Cleophas begani, Evodia nyuma yangu na nguo yake nyeusi, nyuma yake wanawake wa ukoo. Tulipofika Kasola Shija akasimama mbele yetu.

"Shikamoo mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chake. "Nimeambiwa asipite mtu na wavu."

"Tumekuja kumzika mdogo wangu."

"Najua, mayu. Mzee Adolfu alinieleza. Nilimwambia bosi, akasema wavu usiingie hata kwa siku moja. Akasema nikiruhusu, kazi sina."

Wanawake walitaka tumsukume tupite, na tungeweza. Lakini msiba haufungwi kwa kupigana. Nikageuka. Evodia naye akageuka, akarudi kukaa kwenye kona yake ya ua alikokaa tangu mvua za kwanza, anakula maharage huku sisi tukila samaki kwa kujificha ili asisikie harufu. Pombe ikachacha. Tuliimwaga nyuma ya nyumba na kuku wakaitapakaza. Kazi ya mikono ya kaka zake, kuanzia kulima, ikaishia kwa kuku.

Nilimfuata Flavian kwenye ofisi yake ndogo ya Kipili. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaagiza chai.

"Mama Stefania, naelewa," akaanza kabla sijasema.

"Unaelewa nini?"

"Najua ni msiba. Lakini ripoti imeshakwenda. Wafadhili wameichukua Kasola kama mfano, wanataka kuupeleka mfano huu vijiji vingine. Mkiingiza wavu sasa, mradi wote unakufa. Subirini uzinduzi wa hifadhi upite."

"Ripoti inasema tulifunga kwa ajili ya semina yako?"

"Inasema jamii imefunga. Na ni kweli mmefunga."

"Tulifunga kwa ajili ya Cleophas, na ulikula ugali wake."

"Mama, samaki wamerudi. Si jambo jema?"

"Ni jema, nani amekataa? Hayo maji tumeyafunga sisi, na kuyafungua ni juu yetu. Yakishafunguka, njoo tuzungumze tuyaache mawe wanakozaa kuhe na tuvue upande wa mchanga, nitakuunga mkono mbele ya kijiji chote. Lakini huwezi kuuchukua msiba wa mtu ukaufanya kazi yako. Wewe ni mtu wa Mpui. Mama yako akifiwa utamwambia asianue matanga mpaka wafadhili waridhike?"

Alitazama kikombe chake. Alisema tena kwamba ni muda mfupi tu. Chai yake sikuinywa.

Muda mfupi ule ukaendelea kuwa mrefu. Mchana mmoja tukasikia mlio wa injini upande wa Kasola. Boti jeupe lilikuwa limetia nanga katikati ya ghuba, na wanaume waliovaa nguo za mpira na miwani mikubwa walikuwa wanazama na kuibuka. Walikuwa na nyavu ndogo laini na mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na hewa. Ndani ya mifuko waliweka wale samaki wadogo wa mistari, wale ambao sisi hatuwali hata njaa ikiuma. Nikamwuliza Shija ni nini kile.

"Ni kampuni, mayu. Wanawauza Ulaya kwa ndege. Watu wa huko wanawaweka kwenye vioo sebuleni wanawatazama."

"Na kibao chako kimeandikwa nini?"

"Wana kibali." Aliona aibu hata akashindwa kunitazama. "Bosi alisema hao hawavui, wanakusanya."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kumficha Evodia. Lakini watoto wake walishamwambia. Nilimkuta amesimama katikati ya ua, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Wifi," akasema, "wameingia kwenye maji ya mume wangu kabla yangu?"

Nililia mimi, mtu mzima, mbele ya wajukuu, na yeye ndiye aliyenishika bega. Nilikuwa na hasira kuliko huzuni. Mjane amekatazwa kugusa maji kwa miezi yote hiyo kwa sababu samaki wanahifadhiwa, halafu mtu asiyemjua Cleophas anaruka mle ndani kutafuta mapambo ya sebule. Tukaamua hapohapo, mimi na yeye. Uzinduzi ulikuwa karibu. Tungeingia siku hiyo, mchana, kila mtu akitazama, ili asiwepo wa kusema tumeiba.

Ulezi mwingine hatukuwa nao. Hellena, jirani yetu, alitoa alioweka akiba kwa uji wa watoto wake, tukapika pombe kidogo ya kujaza kibuyu.

Siku ya uzinduzi walijenga turubai mchangani, wakaleta viti, jenereta na kipaza sauti. Mgeni rasmi alikaa katikati na wageni wa kofia pana kila upande. Kwaya ya parokia ilifundishwa wimbo wa kusifu hifadhi. Flavian alikuwa ameniomba niongoze ngoma, nikakataa, akasema si neno. Watoto wa shule wakaimba, risala ikasomwa. Wakati mgeni rasmi anapewa mkasi wa kukatia utepe, mimi na Evodia tulitokea upande wa mawe. Nilikuwa na wavu begani. Hellena alibeba kibuyu na kijinga cha moto.

Shija alikuwa kwenye kibao chake. Alituona, akatazama turubai, akatutazama tena. Kisha akavua kofia.

"Mayu," akasema polepole, "hata kwetu mama yangu aliwahi kumsubiri mtu aliyechukuliwa na mto. Piteni." Akageuka akatupa mgongo, akasimama anatazama vilima.

Nilimwaga pombe ukingoni nikamwita Cleophas kwa jina lake la nyumbani. Niliingia majini nikarusha wavu. Mikono ilikumbuka, maana ni mimi niliyemfundisha kuurusha alipokuwa mdogo. Ulirudi na kuhe mmoja wa saizi ya kiganja. Hellena akamchoma mchangani, moshi ukaenda mpaka kwenye turubai. Nilisikia kipaza sauti kikinyamaza. Watu wote walikuwa wametugeukia.

Pale ndipo Flavian angeweza kusema ukweli. Ilikuwa rahisi. Angesema, "Waheshimiwa, hawa wamefiwa, tusimame." Kwa maneno hayo tu ningemsamehe yote, ripoti na kibao na boti jeupe. Nilimwona akituangalia, na alijua tunafanya nini kuliko mtu yeyote pale aliyekaa kwenye kiti. Kisha akainua kipaza sauti.

"Na sasa, waheshimiwa wageni, wananchi wanatuonyesha uvuvi wa jadi."

Akarudia kwa Kiingereza. Wakapiga makofi.

Evodia alikuwa ameshaingia, maji kiunoni, kipande cha samaki mkononi. Aliyasikia makofi. Nilimwona akisita, nikaogopa atageuka arudi, na akirudi hatakuwa na siku nyingine. Akatia samaki mdomoni. Akatafuna, macho yakitazama kule mtumbwi ulikokutwa. Kamera zilikuwa zinalia. Mmoja wa wageni aliingia majini na viatu vyake ili ampate vizuri. Evodia alitema mifupa, akafungua nguo nyeusi, akabaki na kanga ya ndani, nguo ikaelea kidogo, ikazama. Akazamisha kichwa. Alipoibuka makofi yaliongezeka, na kuna aliyepiga mluzi. Hellena alimfunika kwa kitenge kipya, tukaondoka tukipita mbele ya turubai, na mgeni rasmi akatupungia mkono.

Usiniulize kama nilitaka kumpiga Flavian. Nilitaka. Lakini Evodia alikuwa ameshika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa baridi na mwepesi. Jioni ile alikula ugali na dagaa, akaomba aongezewe. Kesho yake alikuwa kwenye changarawe na sisi, anaanika. Shija walimfukuza kazi. Amerudi kwa baba yake na ng'ombe, na akipita Kipili huleta maziwa.

Kwa hiyo nilipotoka kwenye lile duka la Sumbawanga na kalenda kwapani, nilikwenda moja kwa moja ofisi kuu ya mradi. Flavian amepandishwa cheo, yuko huko sasa, ana meza kubwa. Niliikunjua kalenda mbele yake.

"Nisomee hayo maneno ya chini."

Hakuyasoma. "Picha imetoka vizuri, mama," akasema. "Imesambaa mpaka Dar."

"Huyo ni mjane anamzika mume wake."

"Najua."

"Basi andika hivyo."

"Zimeshachapwa zote, mama. Mwaka ujao labda tutaweka picha nyingine."

Nilitaka kusema mengi, na niliyasema, mpaka karani akaja kusimama mlangoni. Sitayarudia hapa. Nilipanda lori la Kipili na kalenda yangu, nimekusudia nikifika niichome moto mbele ya kijiji.

Evodia alikuwa anatengeneza jiko la kubanikia samaki. Nilimpa kalenda, nikasimama pembeni kungoja hasira yake iungane na yangu. Aliitazama muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye yale maji, si usoni kwake, bali nyuma yake, pale kwenye mawe.

"Ni palepale," akasema. "Mawe yale yale."

"Nimeileta tuichome."

"Wifi, mimi sina kaburi la kuwaonyesha wanangu."

Akachukua kisu cha samaki. Akakata nembo ya juu, akakata maneno ya chini, akakata na tarehe zote, ikabaki picha. Vipande alivyokata alivikunja, akavisukuma chini ya kuni, akawashia moto. Kisha akaingia ndani na picha, nikasikia anagonga msumari ukutani, mmoja wa ile niliyonunua Sumbawanga.